Harusi ya Dada Resti Ilivyopotea Ndani ya Kompyuta

Juzi kazini tulikuwa tunahamisha vitu vya stoo, na katika kusukumasukuma makabati tukaikuta kompyuta ya zamani, lile sanduku zito lenye rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Mwenzetu mmoja akaichomeka kwenye umeme kwa utundu tu. Feni ikakohoa, ikazunguka, ikatema harufu ya vumbi lililopashwa moto. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikabaki nimesimama pale navuta pumzi kama mtu aliyenusa jiko la kwao. Kwangu harufu ile ni Ifakara, ni duka la mama yangu, na ni mchana mmoja ambao niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Dada Resti anarudishwa kwa wazazi wake.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka steshenari za wakati ule. Ya mama yangu ilikuwa ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, na ndani yake ungepata huduma zote: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za paspoti, kuingiza nyimbo kwenye simu. Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kupiga video za harusi. Msimu wa mavuno mashine ya jirani haikupumzika, na vumbi la pumba liliingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, kwenye karatasi za watu. Punje za mchele nazo hazikukosekana. Ungefungua droo ungezikuta, ungevua kiatu ungezikuta. Mama alipambana nazo kwa ufagio asubuhi na jioni, na kompyuta aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, kama vile vya kwenye makochi.

Mimi nilijua kwa nini anaifunika. Ndani mlikuwa na watu. Nilishawaona kwenye skrini, mabibi harusi na mabwana harusi wa Ifakara nzima, wanacheza, wanalishana keki, halafu Mama akizima wanaondoka, na pa kwenda hawana ila ndani ya sanduku lile. Matundu ya ubavuni yalikuwa ya kupitishia hewa yao. Mama akitoka kwenda kuchota maji nilikuwa naweka sikio pale, nasikia kra, kra, kra, nikajua wanakula pilau.

Harusi ya Dada Resti ilikuwa miongoni mwa hizo, na ilikuwa na kisa chake. Dada Resti alikuwa jirani yetu, binti mcheshi aliyenifundisha kusuka ukili, na aliolewa na Severini, mfanyabiashara wa mchele. Mama yake Severini alikuwa Mpogoro wa Mahenge, ng'ambo ya mto. Daraja lilikuwa bado. Watu walivuka Kivukoni kwa pantoni, na wiki ile ya harusi mvua za masika zilikuwa zimeufurisha mto mpaka pantoni ikasimamishwa na mitumbwi ikakatazwa. Mama Severini alishinda ng'ambo siku nzima amevaa nguo zake za harusi, anatazama maji. Huku upande wa pili mtoto wake wa pekee akaoa bila yeye.

Mimi pia sikwenda, nilikuwa na tetekuwanga. Mama ndiye aliyekwenda na kamera yake. Lakini Mama alikuwa mtu wa kupamba. Hakukabidhi video mpaka aitie maua yanayodondoka, mioyo inayodunda na majina yanayopaa kama njiwa, na foleni ya kupambiwa ilikuwa ndefu. Kwa hiyo miezi ikapita, mpunga ukaiva, ukavunwa, na harusi ya Dada Resti ilikuwa bado imo ndani ya kompyuta, na haikuwepo mahali pengine popote. Memori kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa na kubeba kipaimara cha watu wengine.

Maji yalipopungua, Mama Severini akavuka. Mwanawe alikuwa Mlimba kwenye biashara zake, kwa hiyo aliyempokea ni Dada Resti peke yake, amepiga magoti, khanga mpya, shikamoo ya taratibu. Yule mama akaitikia, "Marahaba, binti." Akanywa maji. Kisha akasema jambo ambalo lilizunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Alisema mtoto wake anaambiwa ameoa, naye hakatai, ila yeye hakuona. Hajaona padri, hajaona keki, hajaona huyu binti akiingia ukumbini. Siku atakayoona kwa macho yake ndipo atamwita mkwe. Kwa sasa ni binti wa watu anayempikia vizuri.

Dada Resti alikuja dukani kwetu macho yamemvimba. Mama akamshika mabega. "Usilie, mdogo wangu. Kesho asubuhi mlete hapa. Nitamwonyesha harusi mwanzo mpaka mwisho, mpaka achoke mwenyewe."

Sasa mgeni anakuja, na kwetu sisi mgeni akija kila kitu kinaoshwa. Mama alipiga deki, akafuta vioo, akafua kile kitambaa cha kufuma. Halafu akaitazama kompyuta, akaona haiwezekani mama mkwe wa mtu aje kutazamia harusi kwenye kitu kichafu. Akaitoa nje barazani, akaifungua ubavu, akachomoa waya, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli na kusugua kila kona kwa mswaki wa zamani. Punje zilizojificha ndani alizichokonoa kwa pini ya nywele, akazitupa uani, kuku wakazigombea. Akarudisha kila waya mahali pake. Ilipendeza kweli, utadhani imetoka dukani jana.

Asubuhi Mama Severini akaja, mwanamke mrefu, mnene wa heshima, anayetembea polepole kama mwenye barabara yake. Dada Resti alimfikisha mlangoni kisha akarudi haraka kupika. Aliogopa kukaa, alimwambia Mama kwa kunong'ona. Mama Severini akaketi kwenye kiti tulichokiandaa mbele ya skrini, akaiweka sawa khanga yake, akasema, "Haya."

Mama akawasha. Skrini ikabaki nyeusi, kisha yakatokea maneno meupe ya Kizungu, mstari mmoja. Akazima, akawasha tena. Maneno yale yale.

"Inasema nini?" akauliza Mama Severini.

"Inasema..." Mama akainama karibu na skrini. "Inasema haioni diski. Wanaiita hadi diski, mama. Ndiyo inayotunza vitu vyote."

"Na harusi?"

"Na harusi imo humo."

Mama Severini hakufoka. Aliangalia tu ile skrini, akasema kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na mwili wake, "Nilijua. Hii harusi mimi sikuandikiwa." Hapo nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa namwogopa tangu jana yake.

Mama akampigia fundi. Fundi Gama alikuwa Mngoni wa Songea aliyehamia Ifakara siku nyingi, mtu wa masharubu, wa maneno mengi na sauti kubwa, na mkoba wake wa bisibisi ulitangulia kusikika kabla yeye hajaonekana. Alipoingia, Mama Severini akamwangalia juu mpaka chini.

"Fundi gani huyu?"

"Gama, mama. Shikamoo."

"Gama! Mngoni! Nani kakuruhusu kugusa vitu vya watu?"

Fundi Gama akatupa mkoba chini kwa furaha. "Kumbe Mpogoro! Babu zangu waliwapandisha milimani kwa mbio, na mpaka leo mnaogopa kushuka!"

"Nimeshuka. Nimekuja kukuzika."

Ninyi mnajua ni nini kile. Mimi sikujua. Sisi asili yetu ni Kilwa, babu aliletwa Ifakara na biashara ya nguo, na nyumbani kwetu utani niliouona ulikuwa wa babu na wajukuu tu. Kwamba Mngoni na Mpogoro ni watani, na kwamba matusi yale ni adabu, hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Niliona watu wazima wawili wanaochukiana tangu enzi za mababu, nikajibanza nyuma ya mashine ya kopi nikisubiri ngumi.

"Tatizo ni nini?" Fundi Gama akamuuliza Mama.

"Haioni diski. Na mama huyu amekuja kutazama harusi ya mwanawe."

"Harusi ya nani?"

"Ya Severini na Resti."

Tabasamu likamtoka Fundi Gama. Akamtazama Mama, Mama akatazama dari. Kisha, labda ili kuua ukimya ule, akafanya kioja. Akachukua kile kitambaa cheupe, akaifunika kompyuta gubigubi, akaweka mikono kichwani na kuanza kuomboleza. "Uwiii! Diski wee, umetuacha na nani! Jana tu ulikuwa mzima! Nani atatuonyesha harusi? Wapogoro wamekuua, wamekuangalia kwa jicho baya!" Akagaagaa sakafuni.

Nilikuwa nimewahi kuona jambo kama lile. Mwaka ule alipofariki jirani yetu mmoja, walikuja watu msibani wakafanya hivyo hivyo, wakalala kwenye mkeka wa marehemu, wakalia kwa mikogo, wakadai soda, na hakuna aliyewafukuza. Kwa hesabu yangu ya kitoto, watu wa namna ile huja pale mtu anapokuwa amekufa kweli. Basi diski imekufa. Na waliomo ndani, pamoja na keki yao, wamekufa. Na kama harusi imekufa, Dada Resti si mke wa mtu tena, atarudishwa kwao, na nani atanifundisha kumalizia mkeka wangu?

Nikatoka mbio. Nilimkuta Dada Resti anakanda unga wa maandazi. Nikamwambia huku nahema, "Dada, harusi yako imekufa! Wanailia dukani!"

Sijui alielewa nini. Alitoka vile vile, unga mpaka kwenye viwiko, bila viatu, akakatiza kwenye mpunga ulioanikwa juu ya maturubai mbele ya mashine, wabeba mizigo wakimpigia kelele. Alipoingia dukani akamkuta Fundi Gama ameshainuka, ameifungua kompyuta ubavu, anapiga mluzi. Mama Severini alikuwa anamkaripia kwamba hata kulia hajui, Wangoni siku hizi wamelegea. Dada Resti akaegemea ukuta, mkono kifuani. Mama akanitazama kwa jicho ambalo nilijua maana yake ni tutaongea baadaye.

"Sogeeni mwone," akasema Fundi Gama, sasa kwa sauti ya kazi. Akaiwasha huku anabonyezabonyeza kitufe kimoja, ikaja skrini ya buluu. Alisema pale ndipo kompyuta inapoandika majina ya vitu inavyovikuta tumboni mwake. Kibodi ilikuwepo. Mahali pa diski pamebaki patupu. Akanishika mkono, akanigusisha kile kichuma baridi kilichokuwa ndani. Kilikuwa kinatetemeka kidogo, kama paka anayekoroma.

"Unasikia? Inazunguka. Haijafa, mwanangu. Ipo hai, ila ikiitwa haiitiki."

Sijawahi kupewa habari njema kuliko ile. Nikamshika Dada Resti khanga, nikamwambia wako hai. Hakuelewa, lakini alinishika mkono, unga wote ukahamia kwangu.

Fundi Gama akabadilisha waya wa umeme. Patupu. Akachomoa ule utepe mpana wa kijivu unaopeleka habari, akaweka mwingine kutoka mkobani. Patupu. Akajikuna kidevu. Kwa mtu mwenye maneno mengi vile, alikuwa anafanya kazi polepole mno, na kila mara alimtupia jicho Mama Severini kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nilishangaa. Nilidhani bado anaogopa kuzikwa.

Akaichomoa diski, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuzageuza. Kisha akamwita Mama. "Mama Mwaju, hapa nyuma, katikati ya hivi vijiti, palikuwa na kidude. Kidogo, cheupe. Kimekwenda wapi?"

Mama akainama kutazama. Nikamwona anabadilika uso taratibu.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama punje."

"Fundi," Mama akasema, "si ulikuwa mchele ule?"

Fundi Gama akakaa chini palepale kizingitini. Akacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi, na safari hii hakuwa anaigiza. Mama naye akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanamtikisika. Mama Severini akadai aelezwe. Fundi akamweleza, anafuta machozi, kwamba kwenye utepe ule mmoja wanakaa wawili, diski na kile cha kusomea sidii, na ili waelewane ni lazima ijulikane nani mkubwa, nani mdogo. Kidude kile cheupe ndicho kilichokuwa kinaiambia diski kwamba wewe ndiye mkubwa. Mama ameking'oa kwa pini ya nywele akidhani ni mchele. Sasa wote wawili wanajiona wadogo. Kompyuta ikiita, kila mmoja anasubiri mwenzake aitikie kwanza.

"Nyumba haina mkubwa," akasema Mama Severini, na kwa mara ya kwanza tangu afike alitabasamu. "Na mkubwa wenyewe yuko wapi?"

"Tumboni mwa kuku," Mama akajibu, na hapo tukacheka sote, hata Dada Resti.

Dawa ilikuwa nyepesi. Fundi Gama alichomoa kidude cha namna ile kwenye kisomea sidii, akakipachika kwenye diski, na kisomea sidii akakinyima utepe kabisa, kipumzike. Akawasha. Ile skrini ya buluu ilipokuja, pale palipokuwa patupu pakatokea herufi na namba, jina refu la diski. Nilipiga makofi. Dada Resti akafumba macho, midomo ikicheza, anasali.

Na hapo Fundi Gama akaanza kukusanya bisibisi zake kwa haraka ya ajabu. "Haya, Mama Mwaju, imepona. Mimi nina kazi nyingine..."

"Ndiyo, fundi, nenda tu, usichelewe," Mama akadakia, anamsukuma kwa macho.

"Kaa hapo, Mngoni," akasema Mama Severini. "Ikigoma tena nitamwita nani?"

Akakaa, ila karibu na mlango.

Harusi ikaanza. Maua yakadondoka, majina yakapaa. Mama Severini alimwona padri, akamwona mwanawe amevaa suti inayombana shingo, akaiona keki. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na Dada Resti alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, haketi. Kisha ukumbini mshereheshaji akatangaza kwamba sasa anakaribishwa mama mzazi wa bwana harusi. Muziki ukazimwa. Kwenye skrini watu wakaangaliana, na Severini akainamisha kichwa.

Ghafla mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia Fundi Gama. Amevaa gauni. Amejifunga vitenge viwili, ameweka mito nyongani, na kutoka magotini kwenda chini amelowa chapachapa, anainua pindo, ananyanyua miguu juujuu kama anayevuka mto. "Pantoni imenikataa!" anapiga kelele kwa sauti nyembamba. "Nikasema mwanangu hawezi kuoa bila mimi! Nimekuja kwa miguu, mamba wamenipisha!" Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Akacheza mpaka meza kuu, akamfikia bibi harusi. Hapo akaacha uigizaji, akasema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, lakini kamera ya Mama iliinasa, "Mkwe, mimi ni mtani tu. Mwenyewe yuko ng'ambo na moyo unamuuma. Usifikiri hakuja." Na Dada Resti kwenye skrini akabubujikwa na machozi.

Dukani, Fundi Gama alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Rudisha," akasema Mama Severini.

Mama akarudisha. Tukamwona Fundi akivuka mto tena.

"Mimi sitembei hivyo," akasema Mama Severini. Akainuka, akampita Fundi Gama bila kumwangalia, akatoka nje. Dada Resti akaziba mdomo. Nikajua basi, mambo yameharibika, anarudi zake Mahenge. Fundi akasimama, uso umemshuka. "Mama, nisamehe, ulikuwa utani..."

Kutoka nje ikaja sauti, kubwa kuliko mashine ya kukoboa. "We Mngoni! Mshereheshaji wako yuko wapi? Mimi nitaingiaje bila kuitwa?"

Tulichelewa wote kuelewa, isipokuwa Fundi Gama. Alijinyoosha, akajikohoza, akapaza sauti. "Mabibi na mabwana! Simameni! Anaingia mama mzazi wa bwana harusi, mwenyewe kabisa, kutoka Mahenge!"

Akaingia. Polepole, kichwa juu, mabega yakicheza kidogo tu, kwa mwendo wa mtu aliyeufanyia mazoezi siku nzima kando ya maji. Mama alikuwa ameshanyakua kamera. Wabeba mizigo wa mashineni, weupe kwa pumba, walijaa dirishani, na mwanamke mmoja aliyekuja kutoa kopi akapiga kigelegele bila kujua anashangilia nini. Mama Severini akapita katikati ya marundo ya karatasi mpaka kwa Dada Resti, ambaye alikuwa hana viatu na unga umemkauka mikononi. Akafungua khanga yake ya juu, akamfunika mabegani. Akamshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mkwe wangu," akasema. "Umependeza."

Mama aliikata sehemu ile akaiunganisha kwenye harusi, mahali pake panapostahili, na hakuipamba kwa ua hata moja. Mpaka leo ukiitazama video ya Dada Resti, utaona mama mkwe akiitwa mara mbili na kuingia mara mbili. Mara ya kwanza ana masharubu. Mara ya pili analia, na hataki mtu amfute.